Kiapo cha Miguu Juu

Pale Kisarawe, ukigombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba, watu hawakwambii uanze na ramani. Wanakwambia, "Kamwite Bi Mwanamkuu." Ramani huliwa na mchwa, bikoni za wapimaji hung'olewa, na mkonge wa mpakani nao huota miguu ukahamia kwa mwenzio. Lakini Bi Mwanamkuu binti Kibwana, mwenye miaka sitini na saba na magoti mawili yanayolia kama mlango wa stoo, anakumbuka. Anakuja na fimbo yake, anataka wagomvi wote wawili wawepo, maana kwake yeye mpaka haukaguliwi na upande mmoja. Kisha anatembea. Akifika anapopajua anachomeka fimbo na kusema neno moja tu: "Hapa." Mwenye kununa akanunie kwake.

Anaaminiwa kwa sababu hasemi uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mzazi. Mtoto mchanga akizaliwa na sura ya mzee aliyenyimwa ugoro, watu wote watasema mashallah, kafanana na baba yake. Bi Mwanamkuu atamtazama, atamfunika vizuri, atasema, "Atabadilika, inshallah."

Sasa mtu wa namna hiyo akiapa, jamani, ujue kazi ipo.

Aliapa miaka kumi na moja iliyopita, huko Kibaha, nyuma kidogo ya Kwa Mathias, nyumbani kwa mdogo wake Mwinjuma. Ilikuwa arobaini ya mama yao. Pilau alilipika Bi Mwanamkuu mwenyewe, masufuria mawili makubwa. Watu wakaketi, wakanawa, wakaanza kula. Na Mwinjuma, ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa breki, akatafuna mara mbili, mkono ukasimama hewani, akasema mbele ya mashekhe na wakwe, "Dada, mbona bichi hili? Mama atafufuka kwa kelele za meno!"

Watu wakacheka. Arobaini ya mama yake mzazi, watu wakacheka.

Bi Mwanamkuu akauweka upawa chini taratibu. "Wallahi," akasema, "mguu wangu hautakanyaga tena ndani ya nyumba hii mpaka kichwa changu kiwe chini na miguu yangu iwe juu." Angeishia hapo yangekuwa mepesi, siku moja angebinuka kwenye mkeka yakaisha. Lakini mtu wa mipaka haachi upenyo. Akaanza kuziba, kidole baada ya kidole. "Na niwe hai, si maiti wa kugeuzwa. Na niwe na akili zangu. Na asinibinue mtu, wala nisijibinue mwenyewe kama mtoto. Niwe nimekaa kitako kwenye kiti, na nguo zangu za heshima, miguu juu, kichwa chini." Akachukua mkoba wake, akaondoka. Mashekhe wakabaki wanatazamana. Hakuna aliyewahi kusikia kiapo chenye uzio namna ile.

Tangu siku hiyo ndugu wale wawili hawakuzungumza, ila kwa salamu. Wakikutana msibani Mwinjuma atasema "Shikamoo dada" huku anatazama paa, na Bi Mwanamkuu ataitikia "Marahaba" huku anatazama chini, kwa sababu kuacha kuitikia ni dhambi na yeye dhambi za bure hazitaki. Basi. Raudha, binti wa pekee wa Mwinjuma, alipomaliza kidato cha nne, shangazi yake alisherehekea akiwa upande wa pili wa ua, kwenye kiti cha kuazima cha jirani, na sahani yake ikapitishwa juu ya michongoma.

Na huyo Raudha ndiye aliyeleta balaa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na aliyemlea mpaka akaota meno ya ukubwa ni Bi Mwanamkuu, kulekule Kisarawe, kwenye mihogo na mananasi. Sasa ana miaka ishirini na nne, karani katika kiwanda cha vifungashio huko Zegereni, Kibaha, na Jumamosi anaolewa. Jumanne akapanda basi hadi Kisarawe, akamkuta shangazi anamenya mihogo, akaketi chini kwenye kigoda.

"Shangazi, Jumamosi anayenivalisha ni nani? Anayenishika mkono kunitoa nje ni nani?"

"Watamtafuta mtu."

"Sina mtu mwingine. Usipoingia chumbani kunitoa, sitoki. Bwana harusi aje na kaswida zake, akae nje mpaka aote uyoga."

Kisu kikasimama kwenye muhogo. Bi Mwanamkuu alikuwa hajalala vizuri wiki ya tatu sasa kwa jambo hilohilo. Alikuwa ameshamwendea shekhe, na shekhe alimwambia kwa upole kuwa kiapo cha hasira kina kafara yake: lisha maskini kumi, au funga siku tatu, uende ukamtoe mwanao. Alijua ni kweli. Lakini alimwazia Mfaume, jirani yake wa bondeni, ambaye kila mwaka anatafuta njia ya kuusogeza mpaka hatua nne. Siku Mfaume akisikia kuwa neno la Bi Mwanamkuu limerudi nyuma, mipaka yote kuanzia pale hadi Pugu itaamka na kuanza kutembea. Hiyo ndiyo sababu aliyompa shekhe. Nyingine hakumpa mtu: kwamba Mwinjuma hajawahi kuja, hata siku moja, kumwambia pole.

"Mwanangu, ningeweza ningeingia kwa magoti," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Lakini niliufunga ule mlango kwa makufuli mengi mno. Nilikuwa na hasira."

"Makufuli nayajua," Raudha akasema, akafuta pua. "Miguu juu, kichwa chini, umekaa kwenye kiti, hai, timamu, na nguo za heshima, asikubinue mtu wala usijibinue. Sasa shangazi, nisikilize. Nyuma ya kiwanda chetu wamefungua mabembea."

Kulikuwa na bwana mmoja aitwaye Leodegar, mtengeneza mageti aliyefanikiwa, ambaye alinunua huko ng'ambo treni la bembea lililokwisha kutumika, lile ambalo watoto wa mjini wanaliita rolakosta, akalisimamisha Zegereni kwenye kiwanja chake kipande baada ya kipande. Mwanzoni aliliita Pindupindu, mpaka wateja wakamuuliza kama wakimaliza kupanda watapewa dawa ya kuharisha. Sasa halikuwa na jina, lilikuwa na bango tu, na bango lilikuwa na herufi ndefu kama mtu: MIPINDUKO MIWILI! MIGUU JUU, KICHWA CHINI! Raudha alipita chini yake kila asubuhi kwenda kazini wiki nzima kabla hajasimama ghafla siku moja katikati ya barabara. Maneno yale alikuwa ameshayasikia mahali.

Jumatano asubuhi wakafika. Ilikuwa lazima iwe siku ileile, maana kuanzia Alhamisi Raudha angewekwa ndani asingwe, na mwali aliyewekwa ndani hatoki kwenda kwenye mabembea. Bi Mwanamkuu alivaa baibui lake jeusi, ndani yake suruali aliyoazimwa na Raudha, na tasbihi ameizungusha mkononi. Akalitazama lile dude kuanzia chini hadi juu. Vyuma vyekundu vilipanda, vikajikunja duara moja kubwa lililosimama, vikaenda vikalala ubavu kwenye kona ya mbali, vikarudi.

"Subhanallah," akasema. "Aliyetengeneza hiki alikuwa anagombana na nani?"

Akatoka dada mmoja aliyevaa ovaroli, spana mkononi, akamwamkia. Alijitambulisha kuwa ni Atupele, fundi wa mitambo kutoka Tukuyu, na kwamba kila boliti ya pale ameikaza kwa mkono wake na kila asubuhi anaikagua upya.

"Hapo mmeandika mipinduko miwili," Bi Mwanamkuu akasema. "Nionyeshe mmoja mmoja."

Atupele akatazama upande wa ofisi, akashusha sauti. "Mama, nikwambie ukweli?"

"Kwani ulikuwa na kitu kingine cha kuniambia?"

"Ukweli ni kwamba mpinduko ni mmoja, na ubishi. Kile kitanzi kinachosimama hakina mjadala. Treni linapita kule juu, magurudumu yakitazama mbingu na vichwa vikitazama mchanga. Lakini ile kona ya kule, bosi anaihesabu, mimi siihesabu." Akanyoosha kiganja chake, kimetazama chini. "Hivi, treni limekaa sawa. Nikikisimamisha hivi, limelala ubavu. Nikikigeuza kabisa, limepinduka. Sasa hapa katikati, kati ya ubavu na kupinduka kabisa, dunia nzima inagombana. Kuna wanaosema ukizidi ubavu hata unywele mmoja, umeshapinduka. Wengine wanasema hapana, mpaka uvuke nusu ya safari iliyobaki. Kona yetu imezidi ubavu kidogo tu. Nusu haijaifikia."

"Bikoni iko wapi?"

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Hakuna bikoni. Kila mtu ana yake."

Uso wa Bi Mwanamkuu ukakunjuka kwa mara ya kwanza tangu waondoke Kisarawe. Mambo haya aliyaelewa. Kuna mto, na kuna kingo za mto, na kuna watu wanaolima kwenye kingo wakasema ni kwao. "Basi kona tuiache," akasema. "Siingii harusini kwa mpaka wenye ubishi. Tutakwenda na kitanzi. Raudha, mwite baba yako."

"Baba? Wa nini?"

"Kiapo nilimwapia yeye. Mpaka haukaguliwi na upande mmoja."

Mwinjuma ana kibanda cha viatu vya mitumba pale stendi Kwa Mathias. Alifika kwa bodaboda baada ya nusu saa, kofia imekaa upande, raba moja ya kuuza bado iko mkononi, amesahau kuiacha. "Shikamoo dada," akasema, akitazama vyuma.

"Marahaba," akaitikia dada yake, akitazama mchanga.

"Raudha," Mwinjuma akasema, "mwambie shangazi yako nimekuja kushuhudia. Nitasimama hapa kwenye kivuli, nione vizuri."

"Raudha, mwambie baba yako mpaka haushuhudiwi kwa mbali. Unatembewa."

Mwinjuma akaelewa. Huyu ni mtu ambaye hajapanda hata mpera. Antena ya nyumbani kwake ikipinda anamwita fundi. "Mimi? Kule?"

"Mwambie, mdomo ulioweza kusema pilau bichi mbele ya mashekhe hautashindwa na chuma."

Maneno sasa yalikuwa yanapita yenyewe juu ya kichwa cha Raudha. Atupele akawauliza wote wawili habari za presha, moyo na mgongo. Bi Mwanamkuu akamjibu kuwa mgongo wake umelima tangu Azimio la Arusha. Fundi akawavua viatu, akawaketisha kiti cha mbele, akashusha chuma kikawabana kifuani. Chuma kimoja, watu wawili. Kwa miaka kumi na moja hawakuwahi kukaa karibu kiasi kile, na sasa hata wangetaka kuachana wasingeweza. Bi Mwanamkuu aliogopa, hilo alilikiri baadaye bila kuombwa. Ila aliiogopa zaidi Jumamosi.

"Kitanzi kwanza, halafu kona," Atupele akasema. "Mmeshika?"

Treni likapanda pole pole, tak-tak-tak, likafika juu, likasimama kidogo kama linalowaza. Likashuka. Mwinjuma alitoa sauti ambayo watu wa kiwanda cha jirani walitoka nje kuitazama. Bi Mwanamkuu alisikia upepo ukimjaa mdomoni, mwili ukakandamizwa kitini kana kwamba amebebeshwa gunia la mahindi, akasikia ametaja jina la Mungu na jina la mtu mwingine. Kisha mwendo ukapungua, ubavu mmoja ukalala, likarudi, likasimama.

Chini kulikuwa na vigelegele. Raudha anarukaruka, wafanyakazi wa mabembea wanapiga makofi, hata yule wa bodaboda alikuwa amebaki kuona mwisho wake. "Umepinduka, shangazi! Umepinduka!"

Bi Mwanamkuu akainua mkono. "Bado."

"Bado nini?"

"Tasbihi yangu." Akaonyesha shanga zinazoning'inia mkononi. "Tangu tunaanza nimeisikia imelala hapa pajani. Kwenye kitanzi kizima haikuondoka. Kichwa kingekuwa chini, ingenipiga usoni. Ilining'inia huko konani tu."

"Kweli kabisa!" Mwinjuma akadakia, bado kafungwa. "Raudha, mwambie kule konani ilinigonga mpaka sikioni! Si ahesabu hiyo?"

"Mwambie, kona ina ubishi. Imeshakataliwa."

Atupele akacheka, akachuchumaa mbele yake. "Mama, ule ni mwendo. Umewahi kuzungusha ndoo ya maji kwa nguvu, ikapita juu ya kichwa?"

"Tulipokuwa wadogo. Kisimani."

"Maji yalimwagika?"

"Hayakumwagika."

"Na ndoo ilipinduka, haikupinduka?"

Bi Mwanamkuu akafikiri. Hakuwa mtu wa kubishia kitu kilichonyooka. "Ilipinduka," akasema. "Nakubali. Mwili unaweza kudanganywa na mwendo. Lakini ile ndoo niliiona kwa macho. Hapa sikuona kitu." Akainamisha kichwa, na aibu ikamshika kweli. "Nilifumba macho."

Shahidi wa mipaka miaka arobaini, amepita kwenye mpaka wake mwenyewe macho yamefumbwa!

"Mimi nilikuona kutoka hapa chini," Atupele akasema.

"Wewe unalifanyia kazi hili treni. Mwenye duka hashuhudii mizani yake."

"Nilirekodi kwenye simu!" Raudha akasema. Wakaitazama. Mwanzo treni linaonekana, halafu Raudha anapiga kelele, halafu ni ndala za Raudha tupu mpaka mwisho.

Basi wote wakageuka kumtazama mtu mmoja, aliyekuwa bado amekaa pale, kofia ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Mimi nilifumbua," Mwinjuma akasema. "Si kwa ushujaa. Kope ziligoma kufunga." Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu siku ile ya arobaini. Akamgeukia dada yake, akamtazama usoni, akazungumza naye bila kupitia kwa mtu. "Dada, ulipinduka. Mchanga ulikuwa juu yetu na miguu yako ilikuwa mbinguni. Nilikuona. Ulikuwa unamwita mama."

Bi Mwanamkuu akaikusanya tasbihi kiganjani.

"Na lile pilau," Mwinjuma akaendelea, "lilikuwa limeiva, dada. Limeiva vizuri sana. Niliropoka tu. Nisamehe."

Hapo ndipo hadithi ya mtu mwingine ingeishia. Raudha alikuwa ameshaanza kulia, Atupele anajifuta macho kwa mkono wa ovaroli, dada amsamehe kaka, waende nyumbani. Lakini hamumjui Bi Mwanamkuu. Yeye alimtazama mdogo wake muda mrefu, na moyo wake ulijaa mapenzi mpaka ukamuuma, kwa sababu neno hilo alilisubiri miaka kumi na moja. Na kwa sababu alijua, kama alivyojua miaka yote kumi na moja, kwamba neno hilo si kweli.

"Mwinjuma," akasema. "Pilau lilikuwa bichi."

"Lilikuwa limeiva, dada."

"Bichi! Nilisahau kuweka makaa juu ya mfuniko. Nilikuwa nyuma ya nyumba na kanga ya mama usoni, nalia, mpaka moto ukafa. Nilipakua hivyo hivyo, nikitumaini hakuna atakayesema. Ukasema wewe."

"Basi... bichi kidogo."

"Bichi kama mchele wa dukani."

"Haya, bichi! Meno yaliniuma wiki nzima!" Mwinjuma akalipuka, na wote wawili wakaangaliana, na kitu fulani kilichokuwa kimekaza kikalegea. "Lakini sikujua ulikuwa unalia, dada. Ningejua, ningekula na sufuria."

"Najua," Bi Mwanamkuu akasema. "Nimekusamehe, nisamehe na mimi." Akamshika mkono, akaufinya, akauachia. "Ila sasa umeniharibia kesi."

"Nimefanyaje tena?"

"Umedanganya juu ya pilau. Shahidi akidanganya moja, ushahidi wote umeanguka. Na la kichwa chini limeanguka nalo."

"Shangazi!" Raudha akapiga kelele. "Jamani, shangazi!"

"Fundi," Bi Mwanamkuu akasema, akajiweka vizuri kitini, "mteremshe huyu. Nirudishe juu."

Safari ya pili alikwenda peke yake. Tak-tak-tak, treni likapanda, na yeye akajilazimisha kutazama kama anavyotazama shambani, kitu kimoja kimoja. Aliona mabati ya viwanda. Aliona malori kwenye Barabara ya Morogoro. Mbali kabisa aliona kitu cha bluu ambacho labda ni vilima vya kwao na labda ni mawingu, na hakuamua, kwa sababu hakuwa na hakika. Treni likashuka. Macho yakatoka machozi kwa upepo, hakuyafumba. Mbele pakainuka, pakazidi kuinuka, mbingu ikaanguka miguuni kwake, na mchanga wote wa Zegereni ukamjia juu ya kichwa. Na hapo, juu ya mchanga ule, akawaona watu wake wananing'inia kwa nyayo: Raudha mikono mashavuni, na Mwinjuma ameishika kofia yake kwa mikono miwili kama anayeogopa asidondokee mawinguni. Bi Mwanamkuu akacheka kwa sauti. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka namna ile.

"HAPA!" akapiga kelele kutoka kule juu.

Waliokuwa chini waliisikia wote. Raudha anasema hata mlinzi wa kiwanda aliisikia, akadhani anaitwa.

Aliposhuka, Atupele alimshika huku na Mwinjuma akamshika kule. "Umeona?" Mwinjuma akamuuliza.

"Nimeona. Wewe ulikuwa unaning'inia miguu juu. Sasa ama ulipinduka wewe, ama nilipinduka mimi. Na wewe ulikuwa umesimama ardhini." Akavuta pumzi. "Basi ni mimi. Kiapo kimetimia, mbele yangu mwenyewe." Kisha akalielekezea bango fimbo yake. "Na lile, binti yangu, mwambie bosi wako alirekebishe."

Atupele alimwambia. Mzee Leodegar alinuna siku mbili, siku ya tatu akanunua rangi. Leo bango linasomeka MPINDUKO MMOJA NA UBISHI, na wateja wameongezeka, kwa sababu kila mtu anataka kwenda konani kubisha mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Nyumba ya nyuma ya Kwa Mathias ilijaa watu mpaka uani, na habari zilikuwa zimeshatangulia, maana bodaboda hawana siri. Bi Mwanamkuu alipotokea kwenye geti na gauni lake la kijani na kanga mpya, watu wakampisha njia. Alisimama kizingitini kidogo. Akautazama mguu wake wa kulia kama anautambulisha kwa mtu, akasema bismillah, akauingiza. Jirani mmoja wa upande wa michongoma, yule wa kile kiti cha kuazima, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Akaingia chumbani kwa mwali. Humo walikaa wawili tu kwa muda, na yaliyosemwa humo ni yao. Akamvalisha, akamfunika, akamshika mkono, akamtoa nje mbele ya watu wote, na kaswida zikapokea. Bwana harusi hakuota uyoga.

Adhuhuri sahani zikaanza kupita. Sahani ya Bi Mwanamkuu hakuileta mpishi. Aliileta Mwinjuma mwenyewe, kwa mikono miwili, jasho linamtiririka na majivu kwenye kanzu. Watu wa meza za karibu wakaacha kutafuna. Bi Mwanamkuu akanawa, akamega, akatia kinywani. Akatafuna. Akatafuna tena, pole pole.

"Kapika nani hili?"

"Mimi, dada. Niliwaambia wapishi sufuria hili waniachie."

"Makaa ya juu uliweka?"

Mwinjuma akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mdomo ule ukakosa la kusema haraka. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa mekundu kwa moshi. Akatazama upande ambako Raudha alikuwa anaingizwa kwenye gari.

"Niliyasahau," akasema. "Nilikuwa nyuma ya nyumba."

Bi Mwanamkuu akamtazama. Akatazama sahani. Watu walikuwa wanangoja, na wengine walikuwa wameshakiandaa kicheko.

"Bichi," akasema.

Kisha akakaa vizuri, akala mpaka punje ya mwisho, akamnyooshea sahani amwongeze.